Gauni Kwenye Keria

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Tumeondoka asubuhi, na soko zima lilitoka kutuaga. Nikisema kutuaga nina maana walitoka kutucheka. Muuza vitunguu alishika mbavu. Muuza nyama, ambaye nimemnolea visu tangu hana hata unywele mmoja mweupe, alipaza sauti: "Hawa wawili wamekanyaga pedali maisha yao yote na hawajafika hata kituo cha basi!"

Ni kweli, nitabisha nini? Mimi ni mnoaji wa visu. Baiskeli yangu ina stendi na jiwe la kunolea. Nakanyaga, jiwe linazunguka, mimi nabaki palepale. Rafiki yangu Fundi ni mshonaji, kibanda chake kimepakana na changu, na cherehani yake ni ya miguu. Tumezeeka hivyo, bega kwa bega, tukikanyaga kwa bidii bila kwenda popote.

Sasa tunakwenda. Binti yake Fundi anaolewa Jumamosi tarehe 30, katika mji anakofundisha, ambao uko mpakani upande ule wa nchi. Sisi tuko mpakani upande huu. Mtu mwenye akili angepanda basi, lakini Fundi na magari hawapatani. Gari halijamaliza mtaa ameshatapika mpaka nyongo, na akiteremka analala siku mbili kama mtu aliyepigwa. Amejaribu ndimu, amejaribu tangawizi, amejaribu vidonge, amejaribu hata kukaa kinyumenyume. Wapi! Kwa sababu hiyo hajawahi kuuona mlango wa nyumba anayolala mwanawe, mtoto aliyemlea peke yake tangu mama yake alipofariki. "Siwezi kuwa picha kwenye simu siku mwanangu anaolewa," aliniambia. Nikaanza kutia mafuta cheni yangu.

Gauni la harusi amelishona mwenyewe. Limo ndani ya mfuko wa nailoni, ulio ndani ya mfuko mwingine wa nailoni, ulio ndani ya boksi, na boksi limefungwa kwenye keria yake kwa vipande vya tyubu. Bibi arusi mwenyewe hajawahi kufungwa hivyo na mtu yeyote.

Na mimi nimefuata nini? Sina mke, sina mtoto, na Fundi akiondoka nitagombana na nani mwezi mzima? Daftari nimenunua mimi. Yeye anasema mkono wake unajua uzi tu.

Mvua ilitukuta kabla ya chakula cha mchana.

Jumanne, tarehe 5

Mvua. Makalio. Sina zaidi.

Jumatano, tarehe 6

Leo nimetambua ugonjwa wetu. Tulisimama kwa mama mmoja muuza chai kando ya barabara, tukasema tunakunywa kikombe kimoja tunakwenda. Fundi akaona aproni ya yule mama imefumuka kwapani, akatoa sindano. Mimi nikaona kisu chake kinauchana mkate badala ya kuukata, nikapiga stendi. Hakuna aliyetutuma. Nusu saa baadaye majirani wameleta visu, mapanga, majembe, sare za shule, na mzee mmoja ameleta suruali aliyoivaa, akakaa amejifunga shuka akisubiri.

Tumepoteza nusu siku. Lakini tumekula mayai, mkate na chai ya maziwa mpaka tumelegeza mikanda, na tunalala ndani ya stoo yake kati ya magunia, pakavu. Nilimwambia, "Mama, asante sana, umetusitiri." Akasema, "Nani kamsitiri mwenzake hapa? Nimekata mkate leo nikajihisi kijana."

Nimekaa sokoni miaka yote hiyo nikidhani watu wa mbali ni watu wengine.

Ijumaa, tarehe 8

Pancha. Tumeziba. Tumetembea hatua chache. Pancha. Fundi anaziba tyubu kama anatia kiraka kwenye suti, anapima, anakata mviringo, anarudi nyuma kuangalia. Nilimwambia tyubu haiendi kanisani wala msikitini. Hakucheka.

Jumapili, tarehe 10

Leo vilima. Tulisukuma baiskeli kuliko kuzipanda, na yangu yenye jiwe ni nzito kama deni la mazishi. Fundi alikuwa anafika juu kwanza, anakaa, ananisubiri, na nikifika tu anasimama. "Tumeshapumzika vya kutosha," anasema. Tumepumzika nani?

Jioni, pale tulipofikia, alilitoa gauni kama anavyofanya kila siku. Analikung'uta, analitundika lipate hewa, analipitia mshono kwa mshono akitafuta nyuzi zilizochomoza, anazikata kwa mkasi wake, analirudisha kwenye nailoni. Gauni ni zuri, nakiri. Lina mkia mrefu nyuma, unaoburuta, na mkia huo ndio fahari yake. Upindo wa mbele hajaukunja. Hakunji upindo mpaka mwenye nguo asimame mbele yake na viatu atakavyovaa, awe tajiri, awe maskini. Ndiyo sheria yake, na hiyo ni sababu nyingine ya yeye kufika kwa miguu yake mwenyewe.

Lakini mkasi ule! Aliachiwa na mwalimu wake wa ushonaji, na tangu hapo haujaguswa na jiwe. Butu kabisa. Anaukandamiza kwa mkono mzima mpaka bega linapanda, na kitambaa kinalia kabla ya kukatika. Nimekaa jirani na mkasi huo nusu ya umri wangu, mimi, mnoaji! Wateja wananiuliza. Ni aibu. Leo tena nikamwambia, "Nipe, dakika moja tu."

"Mkono wangu unaujua na wenyewe unaujua mkono wangu," akasema. "Wewe usiyeoa, usiingilie ndoa za watu."

Jumanne, tarehe 12

Mvua kubwa mpaka hatuoni barabara. Dereva wa lori alisimama akataka kutupakia. Fundi aliliangalia lile lori akaanza kumeza mate, dereva akaelewa bila kuambiwa. Akashuka, akachana nusu ya turubai lake kuukuu, akatugawia, akaondoka. Hata jina hatukuuliza. Mungu ampe barabara kavu popote alipo.

Alhamisi, tarehe 14

Kichwa kinaniuma. Magoti yanatetemeka kwenye mteremko, ambako hata sikanyagi. Fundi anasema ni uvivu.

Jumatatu, tarehe 18

Nimerudi duniani. Nitaandika taratibu, mkono bado una maji.

Ilikuwa malaria, na ilinipiga kwelikweli. Nakumbuka Ijumaa nikiteremka kwenye baiskeli kujilaza kidogo kando ya barabara. Sikumbuki kuamka. Mengine nimesimuliwa na mwenye nyumba hii, muuguzi mstaafu, mama mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima.

Anasema alikuwa anaanua nguo akamwona mtu anakuja kwenye matope anasukuma baiskeli. Kwenye keria yupo mtu amelalia kiti cha baiskeli kama gunia, amefungwa kiunoni kwa vipande vya tyubu. Na mgongoni mwa huyo anayesukuma kuna boksi, amelibeba kama mama anavyobeba mtoto. Fundi alilitoa gauni la mwanawe pale kwenye keria, akanikalisha mimi mahali pake. Baiskeli yangu na jiwe lake aliziacha kwa mafundi wa barabara, akazirudia siku ya pili kwa miguu.

Nimeandika hivyo, kisha nimekaa kidogo.

Mama muuguzi alinipa dawa, akanilisha uji kwa kijiko, akanikaripia nilipokataa. Siku ya kwanza na ya pili Fundi alikaa kitandani kwangu. Siku ya tatu yule mama alimletea mapazia yote ya nyumba. "Mgeni siku mbili," alimwambia, "siku ya tatu mpe jembe. Jembe sina, ila nina mapazia." Fundi alifurahi mno. Alikuwa hajui mikono aiweke wapi.

Jana nilikuwa macho nimefumba tu, nikawasikia wanaongea barazani.

"Mwenzio atapona," mama akasema. "Mwache kwangu, nitamwangalia. Wewe nenda. Arusi haitakungoja."

"Nikifika mwanangu ataniuliza mwenzangu yuko wapi," Fundi akasema. "Nitamwambia nimemwacha njiani kama kofia?"

"Na ukichelewa?"

 Nilisikia sindano ikigonga subana kidoleni mwake. "Basi nitakuwa nimechelewa," akasema.

Nililia. Mtu mzima, ndevu na kila kitu. Nilijifunika shuka nikasingizia jasho la homa. Maisha yangu yote nimejiona mtu asiye na mtu, na nikajisifia kwamba ni uhuru. Kumbe ukuta wa kibanda changu ulikuwa na ndugu upande wa pili.

Jumanne, tarehe 19

Tumeondoka. Mama muuguzi hakutaka asante. Alitaka nimnolee visu vyote, nikavinoa nimekaa. Tuko nyuma sana. Fundi hasemi, ila anaangalia jua kila mara hata likiwa nyuma ya mawingu.

Jumatano, tarehe 20

Tumekwenda kutwa bila kunoa wala kushona. Tulipita kijiji chenye watu wameshika mapanga mkononi wakiniangalia jiwe langu. Nilifumba macho nikakanyaga. Iliniuma kuliko malaria.

Alhamisi, tarehe 21

Tumelala katika karakana ya seremala aliyetuhurumia. Randa zake zilikuwa safi na patasi zake kali, mtu anayejiheshimu.

Alfajiri niliamka kabla ya Fundi. Nimekuwa nikijiuliza tangu kwa mama muuguzi: mtu aliyekubeba mahali pa gauni la mwanawe, unamshukuru kwa kitu gani? Sina cha kumpa. Nina jiwe. Nikauchukua ule mkasi taratibu kwenye mfuko wake, nikatoka nao nje, nikaunoa. Sikuunoa kama ninavyonoa vya wateja. Niliunoa kama mtu anayeswali. Nilimaliza kwa jiwe laini la seremala, nikaufuta kwa mafuta, nikajaribu kwenye unyoya wa kuku: ukakatika bila kutikisika. Nikaurudisha.

Sijasema kitu. Atajua mwenyewe akiushika. Nimecheka peke yangu njia nzima, akaniuliza kama homa imerudi.

Ijumaa, tarehe 22

Sijui nianzie wapi.

Jana jioni mvua haikumruhusu kulitoa gauni. Leo jua lilichomoza asubuhi, tukasimama kwenye kituo cha mabasi kisichotumika, chenye paa na benchi, akalitundika. Mimi nilikuwa nakaza breki. Nilikuwa namwangalia kwa pembe ya jicho, nasubiri uso wake.

Aliona uzi mbele, chini kidogo ya kifua. Akautoa mkasi. Akaukandamiza kama anavyoukandamiza siku zote, kwa mkono mzima, bega juu.

Mkasi haukulia. Ulipita. Ulipita kwenye uzi, ukapita kwenye gauni, na mkono wake ulikuwa na nguvu ya mkasi butu, kwa hiyo haukusimama pa kusimama. Mpasuko ni wa shibiri nzima na zaidi, katikati ya tumbo, mahali ambapo kila mtu ataangalia.

Aliutazama mkasi. Akapitisha kidole kwenye makali, kidole kikatoka damu kidogo. Akanitazama mimi.

"Umefanya nini?"

"Nimekunolea," nikasema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Nilitaka kukushukuru."

"Shukrani ya punda," akasema, hakumalizia. Afadhali angenitukana. Alilikunja gauni polepole, akalitia kwenye mifuko yake na boksi lake. Kisha akaigeuza baiskeli kuelekea tulikotoka.

Nilimwambia twende mbele, patapatikana kitambaa. Akasema hakuna kitambaa kama kile. Nilimwambia kuna mafundi. Akasema, "Mimi ndiye fundi." Nilimwambia binti anamsubiri. Hapo akapandisha sauti, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. "Nimsimamie mwanangu mbele za watu na gauni la kiraka tumboni? Mtoto niliyemshonea sare kila mwaka hakuwahi kuvaa kiraka! Narudi. Mwambie niliumwa."

Sasa sikufikiri. Ningefikiri nisingefanya. Niliruka nikalichomoa boksi kwenye keria yake, nikalitupia juu ya jiwe langu, nikapanda baiskeli nikakanyaga kwenda mbele, kwa binti.

"Mwizi!" nikasikia nyuma yangu. "Mwizi wa gauni! Mkamateni!"

Mjinga mimi sikukumbuka kwamba barabara zina watu. Kwenye kona palikuwa na wauza matunda, wakaitanda barabara yote. Nilishikwa shati, nikashikwa baiskeli, mmoja ameshaokota fimbo. Nikapiga kelele, "Sio mwizi! Yule ni baba wa bibi arusi! Yule anayenifukuza ndiye ninayempeleka arusini!" Wakatazamana. Fundi akafika anahema, matope mpaka nyusi, akaanza kupigana na ile fimbo wasinipige. "Mwacheni! Ni ndugu yangu!" Wale watu wakachoka kabisa.

Ikabidi tueleze. Tulieleza kwa pamoja, tukikatizana, mkasi, malaria, mapazia. Mama mmoja muuza ndizi alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono, akamgeukia Fundi.

"Baba, hebu nieleweshe. Huyo binti alikualika wewe au alialika gauni?"

Fundi akaanza kujifuta matope usoni.

"Maana kama alialika gauni, huyu bwana atalifikisha, naona ana mbio. Wewe rudi tu ukapumzike."

Watu wakacheka, yeye hakucheka.  Kisha akaja kwangu, akalichukua boksi bila kuniangalia, akalifunga kwenye keria yake, na akapanda baiskeli kuelekea mbele. Yule mama alinitilia kichane cha ndizi kwenye usukani. Nilimwinamishia kichwa kumshukuru.

Tumekwenda mpaka giza bila neno. Amekula ndizi zake akinipa mgongo.

Jumamosi, tarehe 23

Hajasema nami. Mvua.

Jumapili, tarehe 24

Mlinzi wa shule ametufungulia darasa kwa sababu leo hakuna wanafunzi. Fundi aliunganisha meza tatu, akazifuta, akafuta tena, akalitandaza gauni. Alizunguka meza zile kama mtu anayetafuta njia ya kuingia nyumba iliyofungwa. Alilala kifudifudi kwenye benchi akaliangalia kwa usawa wa macho. Mimi nilikaa mlangoni na kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Mwishowe akasema, "Njoo ushike hapa." Ndilo neno la kwanza tangu Ijumaa. Nilikimbia.

Aliufumua mkia. Ule mkia wake wote, fahari yake, aliufumua uzi kwa uzi, akaulaza pembeni. Kitambaa cha kutengeneza mbele upya kilikuwa pale siku zote, kilikuwa kinaburuta tu. Akachukua mkasi, akausimamisha hewani, akaniita tena.

"Geuka."

Nikageuka. Nikasikia baridi kiunoni. Alikuwa ameukata mkia wa shati langu. Akakata kipande kingine, na kingine, anajifunza, anapunguza nguvu kidogo kidogo, mpaka shati langu likaishia mbavuni. Sikulalamika. Angetaka suruali ningempa.

Kisha akaligeukia gauni, akakata. Taratibu, kwa vidole tu, bega limetulia. Kitambaa hakikulia. Alisimama akautazama ule mkato ulivyonyooka.

"Kumbe siku zote nilikuwa napigana," akasema.

"Na nani?"

"Nyamaza, shika vizuri."

Alishona kwa mkono mpaka mwanga ulipokwisha. Ninamshukuru Mungu kwa maneno haya manne: nyamaza, shika vizuri. Najua ni matatu. Yalinitosha kama manne.

Jumatatu, tarehe 25

Tambarare. Tumekanyaga mpaka miguu imekufa ganzi. Amenitania kuhusu kitovu changu kuonekana.

Jumatano, tarehe 27

Mto umemwagika barabarani. Tulivuka maji yakiwa kiunoni, yeye na boksi kichwani, mimi namshika mkanda kwa nyuma. Wavulana wa ng'ambo walitupigia makofi. Sasa ni kufika kesho au hapana: upindo unataka siku yake.

Alhamisi, tarehe 28

Tumefika.

Nataka nilirudie neno hilo: tumefika. Tuliuliza nyumba ya mwalimu, tukaonyeshwa, Fundi akagonga mlango ambao hajawahi kuuona. Alikuwa matope tupu, shavu moja limechubuka, na amejaribu kuchana nywele kwa vidole. Binti alifungua.  Alikaa chini pale mlangoni akashika miguu ya baba yake na viatu vyake vyenye tope, akalia, na Fundi akawa anasema, "Utachafuka, mama, utachafuka," huku naye analia. Mimi niliziangalia baiskeli kwa makini sana.

"Na wewe baba mdogo," binti akaniambia baadaye, ananikumbatia. "Shati lako limefanya nini?"

"Limesafiri," nikasema.

Tulipoingia ndani niliona kitu kabla ya Fundi kukiona, nikataka kusimama mbele yake, lakini ana jicho la fundi. Nyuma ya mlango wa chumba palitundikwa gauni jeupe la arusi, jipya, lenye karatasi ya duka wanakokodisha.

Binti akashika mdomo.

Fundi alilisogelea. Akaligeuza ndani nje, akaangalia mishono, akavuta uzi mmoja, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kikazi. Kisha akauliza bila kugeuka, "Ulidhani baba yako hatafika?"

"Wewe nilijua utafika, baba," binti akasema. "Ungetambaa ungefika. Gauni ndilo nililokuwa na wasiwasi nalo."

 Fundi mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia tena. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa kitandani, akaninyooshea kidole, akashindwa kusema, akainama. Ikabidi mimi nisimulie. Binti aliposikia habari ya mkasi alipiga ukelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Ijumaa, tarehe 29

Gauni la kukodi limerudishwa dukani.

Binti alisimama juu ya stuli, amevaa viatu vyake, na baba yake amepiga magoti chini, pini mdomoni, anakunja upindo. Bila mkia gauni ni jepesi. Binti alizunguka, akajaribu hatua mbili za kucheza, akasema mkia ungemwangusha. Fundi alikuwa na pini mdomoni, lakini nilimwona akitabasamu.

Mshono mpya mbele unaonekana ukijua pa kuangalia. Binti ameupitishia kidole mara kadhaa. Alimwambia baba yake asiufiche kwa maua wala kwa lesi. "Uache hivyohivyo," alisema.

Jumamosi, tarehe 30

Naandika kwa haraka, muziki unalia na nimekuja kukaa kidogo nje nitulize moyo.

Ukumbi ulijaa. Upande wa bwana arusi walikuja watu wa kujaza shule: baba, mama, wajomba, shangazi wenye vilemba vya kuziba jukwaa. Upande wetu, mstari wa mbele, tulikaa wawili. Mimi nimeazimwa koti. Fundi alikuwa amenyooka kama rula, mikono magotini, na nilijua anachokiangalia: kiti kile kitupu cha upande wake wa pili, mahali ambapo mama wa binti angekaa.

Mshereheshaji akawaita wazazi wa bwana arusi wasimame waonekane. Wakasimama, baba na mama, vigelegele. Kisha akasema, "Sasa wazazi wa bibi arusi. Simameni tuwaone, tumeambiwa mmetoka mbali."

Fundi akasimama. Watu wakaanza kupiga makofi. Mimi nikapiga makofi kuliko wote, nimekaa, nikimtazama kutoka chini, nafurahi kwamba mtu yule amefika.

Akaniangalia. "Simama," akasema.

"Wamewaita wazazi, bwana wewe. Usiniaibishe."

"Nimesikia walichosema." Akanishika koti begani, kwa vidole tu, kama anavyoshika nguo ya mteja asimame vizuri apimwe. "Simama. Nitasimamaje peke yangu?"

Kule mbele binti alikuwa ametugeukia, mkono mmoja juu ya mshono ule, na wa pili ananiashiria niinuke, anacheka na machozi yanamharibia poda.

Nikasimama. Vigelegele vikapasua paa. Sikujua niangalie wapi, wala mikono niiweke wapi, mpaka Fundi akanishika mmoja.